Kumlea Mtoto Mwenye Sindromu ya Moebius Mjini Mombasa: Mwongozo kwa Wazazi

Mtoto aliyezaliwa na sindromu ya Moebius hutambulikana kwanza kwa yale asiyoyafanya: hafumbi macho sawasawa anapolala, hakunji uso anapolia, hanyonyi kwa nguvu, na anapofuata kitu kinachopita kando, macho hubaki pale pale huku kichwa kizima kikigeuka. Chanzo ni neva mbili miongoni mwa jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, ambazo hazikukua ipasavyo mtoto alipokuwa tumboni. Ya sita ndiyo inayolivuta jicho kuelekea upande wa sikio, na ya saba ndiyo inayoendesha misuli ya uso, kuanzia paji hadi midomo. Hali hii ni nadra mno. Makadirio yanayotajwa ni kati ya mtoto 1 kwa kila watoto 50,000 na mtoto 1 kwa kila watoto 500,000 wanaozaliwa, hivyo muuguzi wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Kwa sababu hiyo mzazi hulazimika kuijua vyema hali ya mwanawe, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye atakayewaeleza wengine.

Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba tumbo na macho ya mtoto hutangulia, usemi hufuata, na tabasamu huja mwisho. Ni rahisi kuanza kinyume, kwa kuwa tabasamu ndilo linaloulizwa na kila jamaa anayekuja kumwona mtoto, lakini uso usiocheka haumdhuru mtoto wa mwezi mmoja, ilhali konea (kioo cha mbele ya jicho) iliyokauka na maziwa yaliyoingia mapafuni humdhuru.

Kuthibitisha kwamba ni Moebius

Paul Julius Möbius, daktari wa neva wa Leipzig nchini Ujerumani, aliieleza hali hii mwaka 1888, na hadi leo utambuzi wake hutegemea zaidi macho ya daktari kuliko mashine. Mambo mawili ni lazima yawepo pamoja: udhaifu wa uso uliokuwepo tangu kuzaliwa na usiozidi wala kupungua, na jicho moja au yote mawili kushindwa kwenda upande wa nje. Kwa kawaida macho huweza kupanda na kushuka. Kipimo cha MRI kinaweza kuonyesha kwamba neva hizo ni nyembamba mno au hazipo, lakini daktari mzuri hataahirisha huduma kwa kungoja picha.

Mwombe daktari atenganishe hali hii na nyingine zinazofanana nayo. Uso uliopooza kwa kubanwa wakati wa kuzaliwa huwa kwa kawaida wa upande mmoja, na aghalabu hupata nafuu baada ya wiki au miezi michache. Sindromu ya Duane pia huzuia jicho kwenda kando, lakini uso hubaki mzima. Hapa Mombasa njia ya kawaida ni kuanzia kliniki ya mama na mtoto, kisha kupata barua ya rufaa ya kwenda kwa daktari wa watoto katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani au hospitali nyingine yenye daktari wa watoto. Barua hiyo isiandikwe tu kwamba mtoto ana makengeza, kwani ataishia kwenye foleni ya miwani. Iandikwe kwamba uso haucheki, macho hayafumbi na kunyonya kuna shida.

Swali la sababu litaulizwa, na si kila atakayeliuliza atakuwa na nia njema. Watoto wengi wenye Moebius huzaliwa katika familia zisizokuwa na mwingine wa aina hiyo, na uwezekano wa kumzaa wa pili huwa mdogo. Katika watoto wachache yamepatikana mabadiliko mapya kwenye jeni za PLXND1 na REV3L, ambayo wazazi wenyewe hawana. Dawa ya misoprostoli ikitumiwa mwanzoni mwa ujauzito imehusishwa na baadhi ya visa, na daktari akiuliza kuhusu dawa zilizotumiwa anastahili jibu la kweli. Lakini kwa mama wengi hakuna chochote walichokula, walichotazama au walichokipita njiani usiku kilicholeta hali hii, na mavyaa anayedai vinginevyo aelezwe hivyo kwa upole na mume mwenyewe, wala mzigo huo asiachiwe mke.

Kumlisha

Mtoto huyu ananyonya vibaya kwa sababu midomo haishiki chuchu, na wakati mwingine ulimi nao ni mdogo au kaakaa limepasuka. Uvivu na kukataa ziwa la mama havihusiki kabisa. Anza kwa kumnyonyesha akiwa ameinuliwa, kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, huku kidole chako kikiisaidia midomo kuziba pembeni na kikilishikilia taya kutoka chini. Ikiwa maziwa bado yanamwagika, yakamue, umpe kwa kikombe kidogo au kwa chupa laini inayoweza kubinywa, ukibinya kidogo anapomeza na kuacha anapopumzika. Mlo unaozidi nusu saa humchosha, na nguvu anazotumia huweza kuzidi zile anazozipata. Wengine huhitaji mpira wa kulishia kupitia puani kwa muda, na kuukubali mapema ni bora kuliko kumwona mtoto akikonda kwa sababu ya aibu ya mpira.

Kipimo cha ukweli ni mzani wa kliniki na mstari wa uzito katika kijitabu cha mama na mtoto. Mstari ukilala, usingoje tarehe ya chanjo inayofuata. Kukohoa kila anapolishwa, sauti yenye majimaji baada ya maziwa, midomo kuwa ya buluu na vichomi vya mara kwa mara ni dalili kwamba chakula kinapita njia ya hewa, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo.

Anapofikia vyakula vigumu, uji mzito humfaa kuliko mwepesi. Kutafuna si tatizo kwa wengi, kwa kuwa misuli ya kutafuna huendeshwa na neva nyingine. Tatizo ni chakula kubaki kati ya shavu na ufizi, mahali ambapo mtoto mwingine angekiondoa kwa kulikaza shavu bila kufikiri. Mfundishe kukisukuma kwa kidole kutoka nje ya shavu, na baada ya mahamri, muhogo au ubuyu umkague kinywa, kwani meno yake huoza upesi kuliko ya wenziwe. Mswaki mara mbili kwa siku wenye dawa ya floridi, na maji baada ya kila mlo.

Macho

Hapa ndipo mzazi wa Mombasa anapostahili kuwa makini kuliko wa sehemu nyingine, kwa sababu mji huu una upepo, mchanga, chumvi na jua, na mtoto asiyepepesa macho hana kinga dhidi ya lolote kati ya hayo. Konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, huhitaji kulowanishwa kila mara. Ikikauka hukwaruzika, ikikwaruzika huingia vijidudu, na kovu linalobaki huweza kuondoa uwezo wa kuona.

Anza kwa kumchunguza akiwa amelala usingizi mzito. Elekeza tochi ya simu ukutani, si usoni mwake, kisha tazama ufa uliobaki kati ya kope za juu na za chini. Ukiona weupe mtupu, jicho limejigeuza juu na konea imejificha chini ya kope, jambo ambalo ni kinga ya maumbile. Ukiona sehemu nyeusi ya jicho, konea iko wazi usiku kucha. Piga picha uende nayo kwa daktari wa macho, kwa sababu mtoto akiwa macho ndani ya chumba cha daktari hawezi kumwonyesha hayo.

Mchana hutumika machozi bandia. Mlaze chali, vuta kope ya chini kwa kidole kilichooshwa, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kuligusa jicho, kisha uiachilie kope. Yakihitajika zaidi ya mara nne kwa siku, uliza kama kuna aina isiyotiwa kihifadhi, kwa kuwa kihifadhi chenyewe huliwasha jicho kinapotumika mno. Usiku hutumika marhamu mazito: mstari mfupi ndani ya kope ya chini, halafu kope ya juu iteremshwe taratibu kwa kidole mpaka jicho lifungike. Ikiwa daktari ameagiza utepe, ngozi ya kope ikaushwe kwanza, utepe mwembamba wa karatasi wa hospitali ushikishwe juu ya kope iliyokwisha kufungwa, na uhakikishe jicho haliachi upenyo, kwani utepe au pamba inayolisugua jicho lililo wazi hudhuru kuliko kutoweka kitu. Usijaribu hatua hii kabla ya muuguzi wa macho kukuonyesha na wewe kuirudia mbele yake.

Kisha kuna mambo ya nyumbani ambayo daktari huenda asiyataje. Pangaboi lisipulize moja kwa moja juu ya kitanda cha mtoto. Liwashwe polepole au kitanda kisogezwe, na chandarua kitasaidia kuvunja upepo. Ndani ya tuktuk akae katikati, kwani pande zake ziko wazi. Akiwa kwenye kivuko cha Likoni au matembezini kando ya bahari avae kofia yenye ukingo na, akishakua, miwani ya jua inayofunika pembeni, maana hawezi kukunja macho dhidi ya mwanga kama wengine. Na wanja usipakwe kabisa. Najua kwamba katika nyumba nyingi za Mji wa Kale mtoto mchanga hatolewi nje bila wanja, lakini chembe zake huganda kwenye jicho lisilojisafisha, na baadhi ya aina za wanja huwa na madini ya risasi. Anayeogopa husuda amsomee dua, ambayo haihitaji kupakwa machoni.

Wekundu usioisha, tongotongo za usaha, jicho linalokwepa mwanga, au doa jeupe kwenye konea ni dharura. Usingoje alie, kwa sababu kwa baadhi ya watoto hawa neva ya tano, inayopeleka hisia za uso na jicho, nayo imeguswa, na jicho huweza kuumia bila kuuma. Mombasa ina hospitali ya macho ya Lighthouse for Christ, na ng'ambo ya kivuko kuna Kwale Eye Centre, hivyo hakuna haja ya kupoteza siku mbili kwa matone ya kununua bila kuonwa.

Makengeza ni suala jingine. Macho mengi ya Moebius huelekea puani, kwa kuwa misuli ya ndani huvuta bila mpinzani. Jicho moja likiachwa bila kutumika katika miaka ya mwanzo, ubongo huzoea kulipuuza. Ndiyo maana huagizwa miwani au kulifunika jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa. Upasuaji wa kulegeza misuli hiyo huweza kuyanyosha macho yanapotazama mbele, lakini hauirudishi safari ya jicho kwenda kando. Mzazi aliyeahidiwa zaidi ya hilo aulize tena.

Miguu na mikono

Karibu theluthi ya watoto hawa huzaliwa na miguu iliyopinda kuelekea ndani. Tiba ya Ponseti, ambayo huinyosha kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha kwa viatu maalumu vya kuvaliwa usiku kwa miaka kadhaa, hufaulu vizuri ikianza katika wiki za kwanza, na huharibika pale viatu vinapoachwa mapema kwa kuwa mguu unaonekana umepona. Wengine hukosa vidole au huwa na vidole vilivyoungana, na wachache hukosa msuli mmoja wa kifua. Misuli iliyolegea huwachelewesha kukaa na kutembea. Mazoezi ya viungo husaidia, na kuchelewa huko kusichukuliwe kuwa dalili ya akili pungufu.

Usemi

Herufi zinazomshinda ni zile za midomo: m, b, p, w, na pia f na v. Kiswahili kinazo tele, na zinaanza kwenye maneno ambayo kila nyumba huyangoja kwa hamu. Mtoto atasema "nana" akimwita mama, na "dada" akimwita baba, jambo linaloweza kumchanganya dada halisi aliyeketi pembeni. Lisichekwe, wala lisisahihishwe kwa kumwambia afunge mdomo, kwa kuwa hawezi.

Kinachowezekana ni kumtafutia njia ya pembeni. Ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno hutoa t, d na n. Lakini ikitolewa nje kidogo na kuugusa mdomo wa juu, hutoka sauti iliyo karibu sana na p, b na m. Kaeni mbele ya kioo, wewe na yeye, na muanze na jozi za maneno ambayo sauti moja tu huyatenganisha: paka na taka, bawa na dawa, baba na dada. Paka kidogo cha asali au ukwaju kwenye mdomo wa juu ili ulimi ujue mahali pa kwenda, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Dakika chache kila siku, mtoto akiwa ameshiba na hajachoka, zina faida kuliko saa nzima ya Jumamosi. Kwa f na v, ulimi kati ya meno hutoa sauti kama ya th na dh, na msikilizaji aliyezoea huelewa. Mtaalamu wa usemi akipatikana, hata kwa miezi michache, atapanga hatua hizi vizuri zaidi. Pima masikio kabla ya yote, kwani matatizo ya usikivu hutokea pia kwa watoto hawa, hasa waliopasuka kaakaa.

Akianza madrasa, zungumza na ustadhi kabla ya siku ya kwanza. Herufi za midomoni katika tajwidi ni ba, mim, waw na fa, na ya kwanza kati ya hizo ndiyo inayoufungua Bismillahi, kwa hivyo mtoto atakwama katika neno la kwanza mbele ya darasa zima. Ustadhi akijua kwamba hilo ni umbile, ataikubali sauti ya ulimi na kuendelea. Asipojua, atadhani ni mzaha.

Uso usioonyesha

Watu huusoma uso kwanza, na uso uliotulia huwafanya wadhani kwamba mtoto amenuna, amechoka au haelewi. Mwanasaikolojia Kathleen Bogart wa Marekani, ambaye mwenyewe ana sindromu hii, ametafiti jambo hilo na kuonyesha kwamba wenye uso uliopooza hujieleza zaidi kwa sauti, mikono na mwili. Mzazi ajifunze lugha hiyo mapema: furaha huwa kwenye miguu inayopiga kitanda na sauti inayopanda, kero huwa kwenye mabega yanayokazwa. Mtaje anavyohisi kwa maneno, "umefurahi, naona mikono yako", naye atajifunza kuyasema mwenyewe. Wageni waelezwe kwa sentensi moja fupi, kwa mfano, "Neva za uso wake hazifanyi kazi, lakini anakusikia na anakuelewa," kisha mazungumzo yaendelee.

Wengi wao hawahitaji shule maalumu. Kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti humpima mtoto na kushauri, na mzazi asikubali apimwe kwa kutazamwa tu usoni. Darasani akae mbele, katikati, ubao ukiwa mkabala naye, na mwalimu amruhusu kugeuza kichwa au kukisogeza kitabu anaposoma, kwani mistari ya kutoka kushoto kwenda kulia humtaka afanye hivyo. Barabarani afundishwe kugeuza shingo yote kulia, kushoto, kisha kulia tena, maana bodaboda inayotokea pembeni ataiona ikiwa imeshafika.

Hati na gharama

Msajili mtoto katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, na uulize mapema ni huduma gani inalipia katika hospitali unayokwenda. Usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huanza kwa tathmini ya hospitali ya serikali. Weka faili moja yenye barua, picha na majina ya dawa, na nakala yake kwenye simu, kwa kuwa karatasi za Mombasa huliwa na unyevu.

Upasuaji wa tabasamu

Upo, na hufaa. Daktari Ronald Zuker wa Toronto, Kanada, ndiye aliyeufanya ujulikane: kipande cha msuli wa paja la ndani huhamishwa hadi shavuni na kuunganishwa na neva ya kutafuna, ili mtoto akiuma meno pembe ya mdomo ipande. Baada ya mazoezi wengi hujifunza kutabasamu bila kufikiria kuuma. Haufanywi kwa mtoto mchanga. Kwa kawaida hungojewa afikie umri wa miaka kama mitano, misuli iwe imekua naye aweze kufuata maelekezo ya mazoezi. Huhitaji timu yenye uzoefu wa kuunga mishipa midogo chini ya darubini, hivyo uliza wazi ni wagonjwa wangapi wa aina hiyo wamewafanyia. Usiamuliwe na shangazi wala na harusi inayokaribia. Mtoto wa miaka minane ana maoni yake, na wapo wanaosema hawautaki.

Kabla ya upasuaji wowote, hata wa makengeza au wa jino, mwambie daktari wa nusukaputi ana kwa ana kwamba mtoto ana sindromu ya Moebius. Taya dogo na kinywa kisichofunguka vizuri huweza kuifanya kazi ya kuingiza mpira wa hewa kuwa ngumu, na anayejua mapema huandaa vifaa vyake kabla mtoto hajalala. Mwambie pia kwamba macho hayafumbi, ili yatiwe marhamu na kufungwa kwa utepe mara tu usingizi unapomchukua.